Mahututi Aliyetulia Mno

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, anayevuta macho ya kila mtu ni yule msumbufu. Anachomoa dripu, anataka kushuka kitandani akafungulie ng'ombe, anamwita nesi kwa jina la binti yake. Huyo hata mfanya usafi anajua kwamba akili haipo sawa. Kitanda cha pili amelala mzee, macho nusu wazi, hajasumbua mtu tangu alfajiri, na kwenye faili lake imeandikwa "ametulia". Wote wawili wanaweza kuwa na tatizo lile lile, ila wa kwanza ndiye atakayeshughulikiwa.

Tatizo lenyewe madaktari wanaliita diliriamu. Ubongo unayumba ghafla, ndani ya saa au siku chache, kwa sababu ya ugonjwa, dawa au upungufu fulani mwilini. Hali hupanda na kushuka: asubuhi mgonjwa anajibu vizuri, usiku hamjui mkewe. Si wazimu, si uzee, na kwa heshima zote, si pepo. Tafiti za Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliikuta kwa hadi wagonjwa 8 kati ya 10 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Utafiti mmoja wa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa wa aina hiyo kwa miezi sita: waliopata diliriamu walikufa asilimia 34, wasioipata asilimia 15.

Kuigundua hakuhitaji mtambo. Mwaka 2001 Wesley Ely na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, walitoa kipimo kiitwacho CAM-ICU, ambacho nesi anakimaliza kando ya kitanda kwa dakika chache tu, hata kama mgonjwa ana mpira kooni na hawezi kusema. Kwanza unaangalia yuko macho kiasi gani. Asiyeitika kabisa anapoitwa haulizwi kitu, unamrudia baadaye. Kwa anayeitika, unataka kujua kama akili yake imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Kisha unamshika mkono na kumtajia herufi kumi polepole, abane kila asikiapo A. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini umevurugika. Hayo mawili yakikutwa, bado linatakiwa moja kati ya haya: ama amesinzia au amehamaki isivyo kawaida, ama mawazo yake hayashikani, jambo linalopimwa kwa maswali ya ndiyo na hapana. Jiwe huelea majini? Baharini kuna samaki? Kilo moja ni nzito kuliko mbili?

Sasa kilete kipimo hicho Bariadi, mkoani Simiyu. Bibi ametoka kijiji kimoja wilayani Itilima, hakukaa darasani, anawaza na kuota kwa Kisukuma. Ukimtajia herufi akakosa mara nne, umepima nini? Huenda umepima shule. Swali la kilo halina shida, maana mkulima aliyesimama kwenye mzani wa pamba kila msimu hadanganyiki kuhusu kilo moja na mbili. Swali la samaki wa baharini nalo linarekebishika kirahisi, kwani Ziwa Victoria linaigusa wilaya jirani ya Busega. Mtego uko kwenye herufi.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walishakutana na mtego huo walipotafuta njia ya kupima usahaulifu kwa wazee wasiosoma. Kipimo chao, IDEA, hakimtaki mtu ashike kalamu. Anaulizwa leo ni siku gani, daraja ni nini, ataje wanyama kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Baadaye kilijaribiwa kwa wazee waliolazwa hospitali ya KCMC, Moshi, diliriamu ikiwemo. Mgonjwa mwenye mpira kooni hawezi kutaja wanyama, lakini anaweza kubana mkono kila asikiapo "ng'ombe" katikati ya mbuzi na kuku, tena kwa Kisukuma. Jaribio la namna hiyo lingepaswa kuhakikiwa kabla ya kuaminiwa. Ni kazi inayowezekana hapa hapa.

Kuna jambo jingine ambalo haliko kwa nesi wala kwa daktari. Aliyemkuta mgonjwa tayari ameyumba atajuaje kama amebadilika? Anayejua amekaa kwenye benchi nje, na kibuyu cha uji, anasubiri saa ya kuona wagonjwa. Nesi akitoka, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu", akauliza, "Baba huwa hivi nyumbani?", atajibiwa papo hapo: "Hapana, mwanangu. Juzi alikuwa anatutuma dukani na chenji anaihesabu mwenyewe." Sehemu ya kipimo inayouliza kama akili imebadilika imekamilika. Kwa maoni yangu, kumwekea ndugu dakika kumi mlangoni ni kutupa kipimo, na hata tiba, kwa kuwa sauti inayofahamika ni moja ya vitu vinavyomrudisha mgonjwa.

Kipimo kikionyesha diliriamu, kazi inayofuata ni kusaka chanzo. Sukari imeshuka? Oksijeni? Ni malaria? Mpira wa mkojo umeziba? Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamba hupigwa viuatilifu. Aliyepata sumu ya baadhi ya viuatilifu hivyo huokolewa kwa atropini, na atropini ikizidi, yenyewe huleta homa, mahangaiko na kuona visivyokuwepo. Bila rekodi ya akili ya mgonjwa kila zamu, utatofautishaje sumu na dawa yake? Wengi hapo hukimbilia sindano ya kutuliza. Dawa za jamii ya diazepamu na midazolamu zinaweza kuikuza diliriamu yenyewe, ingawa kwa aliyeacha pombe ghafla ndizo zinazohitajika. Haloperidoli nayo, katika utafiti wa Marekani uliotoka 2018 kwa wagonjwa 566, haikufupisha diliriamu kuliko dawa bandia.

Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, wa takriban shilingi trilioni 1.3, ilielekezwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi (ICU) na vitengo vya dharura nchini. Vitanda na mitungi huonekana kwenye picha za uzinduzi. Karatasi ya zamu ya kurekodi akili ya mgonjwa haionekani. Na kipimo kingine, kilichobuniwa Montreal, kinahitaji karatasi tu: mambo manane ambayo nesi anayatazama katika zamu yake, yakiwemo usingizi uliopinduka, maneno yasiyolingana na hali, na mgonjwa kuzubaa kupita kiasi. Yakifika manne, ni diliriamu. Hakina herufi hata moja, na kwa wodi yenye wauguzi wachache ningeanza nacho.

Mgonjwa akipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa barabara ya Lamadi, barua ya rufaa huwa na presha, mapigo na wingi wa damu. Ikiongezwa mistari miwili, saa akili ilipoanza kuyumba na dawa alizokuwa amepewa kabla yake, daktari wa Mwanza hatalazimika kumuuliza mgonjwa asiyeweza kujibu.