Ultima IV: Safari Isiyo na Adui Mkuu

Katika michezo ile ya kompyuta ambamo mchezaji hujivika nafsi ya mtu mwingine akasafiri katika nchi ya kubuni, ada iliyothibiti tangu mwanzo wa miaka ya 1980 ni kwamba safari haitimii mpaka auawe adui mkuu. Na Richard Garriott wa Marekani, mtunzi wa mfululizo wa Ultima, aliifuata ada hiyo mara tatu kabla ya kuiacha mwaka 1985, alipotoa Ultima IV, ambamo hamna adui wa namna hiyo.

Sababu yake ni barua. Ilipokwisha kuenea Ultima III, iliyotoka mwaka 1983, Garriott alizisoma barua za wachezaji na za wazazi, akatanabahi kuwa wengi waliupata ushindi kwa kuiba madukani na kuua raia wasio na hatia, kisha wakahesabiwa mashujaa. Basi akaweka fadhila 8: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa mhanga, heshima, uchaji na unyenyekevu; mchezaji hana budi kuzitimiza zote, ndipo ashuke shimoni kukitafuta kitabu cha hekima. Hata kazi yake huamuliwa na mpiga ramli amwulizaye maswali 7, kila moja likimlazimisha kupendelea fadhila moja juu ya nyingine, na mwenye kuutanguliza unyenyekevu huanza safari akiwa mchungaji, aliye dhaifu kuliko wote vitani. Hapo naona maarifa makubwa.

Lakini ustadi wenyewe hasa umo katika jambo dogo. Vifaa vya uganga, kama kitunguu saumu na utando wa buibui, huuzwa na kipofu, ambaye hutaja bei kisha akamwachia mnunuzi kuhesabu fedha kwa mkono wake mwenyewe. Atoaye pungufu huchukua bidhaa akaenda zake. Hapana askari amkamataye, wala mtu amlaumuye. Hata hivyo dhuluma ile imekwisha kuandikwa katika hesabu ya siri, na siku atakapomwendea mjuzi wa ikulu kuuliza hali yake, ataambiwa kuwa katika ukweli yu mbali, pasipo kuonyeshwa tarakimu yoyote.

Sikatai kwamba mizani hiyo ina upungufu, kwani kompyuta huhesabu sadaka bila ya kuijua nia, na ampaye maskini kwa tamaa ya kumaliza mchezo huandikiwa sawasawa na aliyemwonea imani. Juu ya hayo, sijui mchezo mwingine wa zama zake uliomtaka mchezaji ajihukumu hivyo. Mwenye kutaka kuujua mfululizo huu na aanze na huo wa nne, kisha auendee wa tano, wa mwaka 1988, ambamo fadhila zile zile 8 zimegeuzwa sheria na mtawala dhalimu, na mwongo hukatwa ulimi.