Kufuli Tatu za Midia

Nilipokuwa mwanafunzi Arua, likizo nilijitolea katika shirika dogo lililosaidia vikundi vya akiba Midia, wilayani Koboko, pale Uganda inapokaribiana na Kongo na Sudan Kusini. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kusikiliza. Kalamu alishika karani wa kikundi.

Utaratibu wa vikundi hivi ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika. Sanduku la chuma la fedha lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wa kawaida, si kwa mwenyekiti. Kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano, zinagongwa mihuri kwenye kitabu chake. Kukopa anaruhusiwa hadi mara tatu ya hisa zake, na mwisho wa mwaka fedha zote hugawanywa.

Kilichonivutia ni dakika za mwisho. Salio hutajwa kwa sauti, watu wakalikariri. Mkutano unaofuata huulizwa salio hilo kabla ya kuhesabu. Akina mama wasiojua kusoma walinishinda kabisa. "Mwanangu, hela yangu nitaisahauje?" mmoja aliniambia.

Shirika lilipenda vikundi vikubwa, maana vinapendeza kwenye ripoti. Mimi naona ishirini wanatosha. Wakizidi sana, mtu anamkopesha asiyemjua hata nyumbani kwake.

Kando kuna mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa, usio na riba. Tulipoanzisha kikundi chetu chuoni, tuliuanza huo kwanza.