MAJI YAKIMWAGIKA HUENDA WAPI?
Hesabu ya maji ya nyumbani na bustanini katika nchi kame ya Dodoma

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo hutumika kumwonya mtu juu ya jambo lisiloweza kurudishwa, na kwa maana hiyo haina kasoro. Lakini mwanafunzi wa sayansi akiitazama kwa jicho la upimaji hana budi kuuliza swali moja zaidi: je, maji hayo yaliyomwagika yamekwenda wapi? Yakitoka ndooni, maji ama hutiririka juu ya ardhi, ama huzama udongoni, ama hugeuka mvuke yakapaa hewani. Njia hizo zaweza kuchunguzwa na kupimwa. Aliyekwisha kuzijua aweza kuziba ile inayomtia hasara, au kuyaelekeza maji mahali yanapotakiwa.

Katika makala haya tutaitumia Dodoma kuwa mfano wetu, kwa sababu huko hesabu ya maji si zoezi la darasani tu. Mvua ya Dodoma ni kadiri ya milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi saba iliyobaki ni kiangazi. Katika kipindi hicho jua na upepo vina uwezo wa kuvukiza maji mengi kupita yale yaliyoletwa na masika.

AKIBA ILIYO CHINI YA ARDHI

Kwa miongo mingi mji wa Dodoma umetegemea zaidi maji ya visima virefu vya Makutupora, kiasi cha kilomita 25 kaskazini ya mji. Kina cha maji katika visima hivyo kilianza kupimwa katika miaka ya 1950, na vipimo hivyo ni miongoni mwa vilivyodumu muda mrefu kuliko vyote katika nchi za joto. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55, yaani tangu 1955 hadi 2010. Matokeo yake yanastahili kukumbukwa na kila atumiaye maji ya bomba mjini humo.

Ilionekana kwamba maji ya ardhini hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Katika misimu mingi ya mvua za kawaida, udongo na mimea huyatumia maji yote kabla hayajafika chini, na kina cha maji visimani huendelea kushuka. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, na akiba ikapanda tena kwa ghafla. Msimu wa 1997/98, ulioletwa na hali ya El Niño, ulikuwa mkubwa kuliko yote. Kwa hiyo maji yanayotoka bombani leo yaweza kuwa ni mvua iliyonyesha miaka mingi iliyopita, na hakuna ajuaye kwa yakini ni lini mvua ya namna hiyo itarudi.

Wakati huohuo watumiaji wanaongezeka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na utekelezaji wake ulipata nguvu mpya tangu 2016. Katika sensa ya 2012 wakazi wa Dodoma Mjini walizidi kidogo 400,000. Katika sensa ya 2022 walikuwa zaidi ya 760,000. Bomba linapokauka, wa kwanza kuona taabu ni kina mama na wasichana, ambao hulazimika kuziacha kazi zao na masomo yao ili wakatafute maji. Kila debe linalookolewa nyumbani ni debe lisilochotwa Makutupora, na ni safari moja iliyopungua.

PAA NI SHAMBA LA MAJI

Tuanze na maji ambayo kwa kawaida hatuyahesabu kabisa. Nyumba ya asili ya Wagogo, tembe, ina paa bapa la udongo, nalo halifai kukingia maji ya kunywa. Siku hizi nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, na kwa hiyo kila nyumba imepata chombo cha kuvunia mvua bila ya mwenyewe kukusudia. Kanuni ya hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji.

Hebu tuchukue nyumba ndogo ambayo paa lake limefunika eneo la mita 8 kwa mita 6, yaani mita za mraba 48. Kwa mvua ya milimita 570, paa hilo hupokea lita 27,360 kwa mwaka. Baadhi ya maji hurushwa na upepo, mengine hukauka juu ya bati au humwagika penye viungo vya mfereji. Tukikadiria kwamba sehemu nne kati ya tano ndizo zinazofika pipani, tunabaki na lita 21,888. Hizo ni zaidi ya madebe 1,000 ya lita 20, ambayo katika nyumba nyingi huanguka uani, yakachimba makorongo na kwenda zake.

Je, familia inahitaji tangi kubwa kiasi gani? Watu sita wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia watahitaji lita 30 kwa siku. Kwa siku 210 za kiangazi hizo ni lita 6,300. Paa letu hutoa lita 38.4 kwa kila milimita ya mvua. Kwa hiyo tangi hilo litajaa baada ya milimita 164 tu. Maana yake ni kwamba hata mwaka wa ukame, mvua ikipungua hadi nusu ya kawaida, tangi bado litajaa. Asiye na fedha za tangi na aanze na mapipa mawili matatu. Hayatamfikisha Novemba, lakini yatampunguzia safari za kisimani.

Usafi wa maji hayo unahitaji uangalifu. Mvua za kwanza huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Basi yaachwe yapite maji ya milimita ya kwanza, ambayo kwa paa letu ni kama madebe mawili na nusu. Tangi lifunikwe vizuri ili mbu wasizalie humo, na pia ili mwanga usiingie ukaotesha mwani. Maji ya kunywa yachemshwe.

TONE MOJA KWA SEKUNDE

Njia ya pili ya upotevu ni bomba linalovuja. Watu hulidharau kwa sababu tone moja ni dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Siku moja ina sekunde 86,400. Bomba likidondosha tone moja kila sekunde, na tukichukua kwamba matone 20 hufanya mililita 1, tutapoteza lita 4.3 kwa siku, yaani karibu lita 1,580 kwa mwaka. Hayo ni madebe 79. Tena hicho ni kiwango cha chini, kwa kuwa matone ya bomba mara nyingi huwa makubwa kuliko hayo. Mara nyingi kinachosababisha hasara hii ni kipande kidogo cha mpira kilichochakaa ndani ya koki, ambacho bei yake ni ndogo na kazi ya kukibadilisha si ya siku nzima.

Wapo wanaosema kwamba maji yanayovuja hurudi ardhini, kwa hiyo hayajapotea. Hoja hiyo haifai hapa. Maji yametolewa kilomita 25 kwa nguvu ya pampu. Yakimwagika uani mjini, sehemu kubwa huishia hewani, na hayana njia ya kurudi Makutupora.

JUA, UPEPO NA BUSTANI

Bustanini adui mkubwa ni uvukizi, yaani maji kugeuka mvuke. Udongo ulio wazi hupigwa na jua ukapata joto. Upepo nao huondoa hewa yenye unyevu iliyo juu ya ardhi na kuleta hewa kavu mahali pake. Kinga iliyo rahisi ni matandazo: nyasi kavu, mabua ya mtama au majani, yaliyotandazwa kati ya mimea. Matandazo huzuia jua lisifike ardhini na hufunga hewa tulivu juu ya udongo, hata mvuke ukakosa wa kuuchukua. Mkulima wa Dodoma ataleta pingamizi ya haki, kwamba mchwa watayala. Ni kweli. Basi matandazo yasigusane na mashina, yaongezwe kila yanapopungua, na penye mchwa wengi yatumike mawe madogo badala ya nyasi.

Umbo la kitalu nalo lina maana. Tuta lililoinuliwa hufaa katika nchi ya mvua nyingi, maana huyaondoa maji yaliyozidi. Nchi kame hutaka kinyume chake, yaani jaruba lililozama kidogo chini ya usawa wa ardhi na kuzungushiwa kingo, ili maji yakusanyike penye mizizi. Umwagiliaji ufanywe alfajiri au jioni, penye shina wala si juu ya majani. Ni heri kumwagilia mara chache hadi maji yazame, kuliko kurashia kila siku maji ambayo jua huyanyang'anya kabla ya adhuhuri.

MTUNGI ULIOFUKIWA

Iko njia ya kale ya kumwagilia ambayo yafaa ijaribiwe katika bustani za shule. Ilielezwa huko China katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, katika maandishi ya kilimo ya Fan Shengzhi. Huchukuliwa mtungi wa udongo uliochomwa, usiopakwa rangi wala kitu cha kuziba vinyweleo, ukafukiwa hadi shingoni. Hujazwa maji safi, ukafunikwa, na pembezoni mwake hupandwa maboga, matikiti au nyanya.

Ukuta wa mtungi una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Udongo wa nje ukiwa mkavu huvuta maji kupitia vitundu hivyo; ukilowa, mvuto hupungua na maji hutoka polepole zaidi. Kwa hiyo mtungi hujirekebisha wenyewe kufuata mahitaji ya udongo. Maji hutokea chini, penye mizizi, na uso wa ardhi hubaki mkavu, hata magugu yasipate nafasi. Maji ya matope au ya sabuni yasitumike, kwa sababu yataziba vitundu.

MAJI YALIYOKWISHA KUTUMIKA

Maji ya kusuuzia nguo leo yaweza kuwa maji ya kufulia kesho, na hatimaye ya kupigia deki au kumwaga chooni. Yaweza pia kwenda bustanini, lakini si bila masharti. Sabuni nyingi zina sodiamu, ambayo ikizidi hutenganisha chembe za udongo wa mfinyanzi, na udongo ukikauka huwa mgumu usiopitisha maji. Kwa hiyo maji hayo yapewe miti kama mipapai na migomba, tena kwa zamu, mti huu leo na ule kesho. Yasimwagwe juu ya mboga zinazoliwa mbichi, na maji yaliyofuliwa nepi za watoto yasitumike bustanini kamwe.

Mvua inayotiririka uani nayo yafaa kuzuiwa. Katika wilaya ya Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 ulichimba makinga maji katika milima iliyomomonyoka, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa. Uoto ukarudi na mmomonyoko ukapungua. Yaliyofaa milimani yafaa pia uani kwa kipimo kidogo: kingo fupi ya udongo inayokata mteremko, na kishimo kilichozunguka kila mti wa matunda, huyafanya maji yatembee polepole na kuzama.

KAZI KWA SHULE

Walimu wa sayansi na hisabati wanaweza kuyageuza mambo haya kuwa masomo ya vitendo bila gharama kubwa.

1. Wanafunzi wapime urefu na upana wa eneo lililofunikwa na paa la shule, wakokotoe maji ya mwaka mmoja kwa mvua ya mahali pao, kisha wagawanye kwa idadi ya wanafunzi.

2. Wakinge maji ya kila bomba linalovuja katika chupa ya kupimia kwa dakika 10, wakokotoe hasara ya mwezi, na kumpelekea mkuu wa shule taarifa iliyoandikwa.

3. Wachukue makopo mawili yaliyo sawa, kila moja litiwe kilo 2 za udongo mkavu na mililita 400 za maji. Moja litandazwe nyasi kavu, na yote mawili yawekwe juani. Yapimwe uzito kila asubuhi kwa siku 7. Kila gramu iliyopungua ni mililita moja iliyovukizwa. Wachore grafu za makopo yote mawili na kueleza tofauti yake.

Mwanafunzi atakayefanya kazi hizo tatu atakuwa amepata jibu la swali letu kwa mikono yake mwenyewe. Ataweza kuwaonyesha wazazi wake, kwa tarakimu, maji yao huenda wapi na ni kiasi gani kinaweza kuzuiwa kabla masika hayajaisha.