Jangwa la Baridi Juu ya Kilimanjaro

Sisi wa Lubumbashi twaijua baridi ya asubuhi za Juni na Julai, wakati watoto waendapo shuleni wamevaa masweta, na mama zao wakiota moto wa mbabula. Saa sita jua huwaka, nasi twaisahau. Lakini katika Tanzania iko nchi ambayo karibu kila usiku maji huganda, mwaka mzima. Nchi hiyo ni jangwa. Si jangwa la mchanga na joto, bali la mawe na baridi.

Liko juu ya mlima Kilimanjaro, kwenye uwanda ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya meta 4,000 juu ya bahari. Je, mlima wenye barafu wawezaje kuwa na jangwa? Sababu ni hii: mawingu humwaga mvua yao nyingi katika msitu ulio chini, yafikayo juu hayana maji mengi tena. Na hayo machache hunywewa upesi na mawe na majivu ya volkano. Usiku unyevu wa udongo huwa sindano za barafu, ambazo huuinua udongo na kung'oa mimea michanga.

Pembeni mwa jangwa hilo huota senesio, mmea mkubwa kama mti. Hautupi majani yake yaliyokufa, bali huyaacha yalizunguke shina kama blanketi. Jioni hufumba majani mabichi ili kukikinga kichipukizi, na asubuhi huyafumbua. Juu zaidi, twaona karibu mawe matupu.

Na mwanadamu je? Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Kibo, Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa katika kambi yao ya juu, akiwapikia na kuwatafutia maji na kuni. Alizaliwa pwani penye joto, akaivumilia baridi ile. Wale wawili wanajulikana duniani. Yeye wachache humtaja.

Hata leo, kwenye nyumba ya wapandaji ya Kibo, katika njia ya Marangu, hakuna chemchemi. Maji hupandishwa na wapagazi. Mpagazi mwenye koti jepesi na viatu vilivyotoboka hupigwa na baridi ileile ambayo mgeni wake amejikinga nayo. Senesio ina blanketi yake yenyewe, mpagazi hana. Basi amwajiriye atazame kwanza mavazi yake, ndipo ampimie mzigo.