Mashauri ya Kupinga Amri za Serikali Juu ya Uchafuzi wa Maji: Ufafanuzi Kutokana na Hali ya Tabora

Wapo wananchi wengi wa Visiwani wenye jamaa zao Tabora, na udugu huo ni wa tangu zama za misafara iliyoondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji. Njia ile haikunyooka, ilifuata maji. Katika Ugogo misafara ilitozwa hongo, na ruhusa ya kuteka maji ilikuwa sehemu ya mapatano. Mbele yake ilikuwepo Mgunda Mkali, nyika ambayo wapagazi waliiogopa kwa kiu. Kwenye Mto Malagarasi, watawala wa Uvinza walitoza ada ya kuvushwa. Kwa hiyo usimamizi wa maji katika nchi hiyo haukuanza na sheria zilizochapwa katika Gazeti la Serikali, wala ugomvi juu yake haukuanza hapo.

Kwa upande wa Tanzania Bara, maji yalisimamiwa kwa muda mrefu chini ya Sheria Namba 42 ya 1974, ambayo marekebisho yake ya 1981 yaliweka viwango vya majitaka. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009, ambayo husomwa pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya 2004. Kwa mujibu wa sheria ya 2009, mwenye kutaka kutiririsha majitaka katika mto, bwawa au ardhi yenye maji hutakiwa kupata kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika. Hapa ndipo wengi hupotea. Mkoa wa Tabora umegawanyika. Maji ya Igombe, yenye bwawa lililotegemewa na mji wa Tabora kwa miaka mingi, huelekea Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Maji ya Mto Manonga, upande wa Nzega na Igunga, huelekea Wembere na Ziwa Kitangiri, nayo yamo katika Bonde la Kati. Malalamiko yanayopelekwa kwenye bodi isiyohusika hurudi bila ya kushughulikiwa, na siku nazo zinahesabiwa.

Shauri la kupinga udhibiti huanza pale mwenye kiwanda, machimbo, machinjio au nyumba za kupangisha anaponyimwa kibali, anapotozwa faini au anapoamriwa kusimamisha kazi. Sheria ya 2004 iliweka Baraza la Rufaa za Mazingira kwa ajili ya baadhi ya malalamiko hayo. Njia nyengine ni kuiomba Mahkama Kuu, ambayo ina masjala yake Tabora, ipitie uamuzi uliotolewa. Mwombaji hutakiwa kwanza kupata ruhusa ya Mahkama, na maombi ya ruhusa hiyo hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya uamuzi. Ambaye anataka kuidai Serikali kwa shauri la kawaida la madai hutakiwa kutoa taarifa ya siku 90 kabla.

Inafaa ieleweke kwamba katika mapitio hayo jaji hapimi maji. Huuliza kama mamlaka ilikuwa na uwezo wa kisheria, kama mhusika alisikilizwa, na kama wenziwe wenye kosa lile lile walitendewa sawa naye. Mchafuzi wa kweli anaweza kushinda kwa sababu ofisa aliharakisha barua.

Mfano ulio wazi ni wa Kenya, shauri la Waweru dhidi ya Jamhuri lililoamuliwa na Mahkama Kuu ya Nairobi mwaka 2006. Baadhi ya wenye majengo katika mji wa Kiserian walishitakiwa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii kwa kutiririsha majitaka yasiyosafishwa kwenye chanzo cha maji ya umma. Wao walidai kuwa wamebaguliwa, kwani wengine waliokuwa katika hali hiyo hiyo hawakuguswa. Mahkama ilikubaliana nao na mashitaka yakazuiwa. Lakini majaji hawakuishia hapo. Walieleza kuwa haki ya kuishi ni pamoja na kuishi katika mazingira safi, kisha wakageukia wajibu wa mamlaka za umma, zikiwemo halmashauri ya eneo hilo na wizara ya maji, kuhusu mtambo wa kusafisha majitaka. Waliofika kuokoa mifuko yao waliondoka wakiwa wameufungulia mto shauri.

Tanzania Bara nayo ilikwisha kuona upande wa pili, ambapo raia ndio walioishitaki mamlaka. Mwaka 1988 wakaazi wa Tabata, Dar es Salaam, walipata amri ya Mahkama dhidi ya jaa la taka la Halmashauri ya Jiji. Taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, Festo Balegele na wenzake walifungua maombi mwaka 1991, na Mahkama Kuu ikatengua uamuzi wa Jiji. Hoja kwamba Halmashauri inatimiza kazi iliyopewa na sheria haikuipa ruhusa ya kudhuru afya za watu.

Jambo zito kwa Tabora ni muda. Kwa kanuni ya jumla, kufungua shauri pekee hakusimamishi amri ya mamlaka. Mhusika huomba zuio. Zuio likitolewa mwezi wa Juni, kiangazi kinapoanza na visima vifupi vinapopungua, maji machache yaliyobaki hubeba uchafu wote hadi mvua za Novemba. Bomba la Ziwa Victoria limepunguza taabu hiyo mjini, Nzega na Igunga. Vijiji vyenye visima vya kuchimba kwa mkono bado vinayanywa yaliyopo. Wanavijiji wanaoathirika wanaweza kuomba waunganishwe katika shauri ili Mahkama isikie habari za visima vyao kabla ya kuamua zuio.

Sheria zilizotajwa za 2004 na 2009 hazitumiki Zanzibar, kwa kuwa mazingira na maji si mambo ya Muungano. Huku inatumika Sheria ya Mazingira Namba 3 ya 2015. Wenye mali au jamaa Tabora wanashauriwa wahifadhi nakala ya kibali, barua ya amri yenye tarehe yake, bahasha iliyoileta, na cheti cha upimaji wa maji kinachoonesha mahali na siku sampuli ilipochukuliwa.