Akiba ya Daftari

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini daftari la wanachama lililomo katika kompyuta moja tu ya ofisi ya wilaya si akiba. Ni bahati nasibu. Siku kompyuta hiyo itakapoungua au kuibwa, jina la mwanachama na ada aliyolipa kwa jasho lake vitapotea pamoja nayo.

Twawasikia makatibu wakisema: "Mtandao wetu ni mwembamba." Ni kweli. Katika njia ipitishayo megabiti 1 kwa sekunde, mzigo wa gigabaiti 10 huchukua zaidi ya saa 22, hata kama hakuna mwingine aitumiaye. Lakini wembamba wa njia si udhuru.

Nakala ya kwanza na itiwe katika diski, ifungwe kwa nywila, ikakabidhiwe mkono kwa mkono makao makuu. Baada ya hapo yapelekwe mabadiliko tu, usiku, watu walalapo. Programu ya rsync, waliyoitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, hulinganisha faili za pande mbili na kupeleka sehemu zilizobadilika peke yake. Ofisi iliyoandika majina hamsini kutwa haina mzigo mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena, nakala isiyojaribiwa haiaminiki. Kila mwezi katibu na airudishe japo faili moja, aisome kwa macho yake. Ndugu, anayetunza daftari ametunza haki ya mwanachama.