UTALIPWA AU UTALIPIWA? Kaneno ka herufi tatu kanavyogeuza mkataba

Mjini hapa kuna mabrazameni na masista duu wanaomwaga ung'eng'e kwenye daladala mpaka konda anasahau kudai nauli. Lakini wape karatasi ya mkataba wa kazi, kurasa mbili tu, uone jasho linavyowatoka. Na wala si maneno magumu yanayowatoa jasho. Hayo wanayajua, tena mengine wanayatafuta makusudi ili watutishie. Kinachowapiga chenga ni vijineno vidogo: can, may, must, shall, kwa upande mmoja, na for, to, by, until kwa upande wa pili. Kimoja kimoja havina tabu. Vikikutana kwenye sentensi moja, hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Mimi nafundisha tuisheni ya jioni, kwa hiyo haya nayaona kila siku. Hebu angalia hizi mbili: "You will be paid" na "You will be paid for". Zinatofautiana kwa herufi tatu tu. Ya kwanza maana yake utalipwa, yaani pesa inaingia mfukoni mwako. Ya pili maana yake utalipiwa. Kuna mtu atatoa pesa kwa ajili yako, labda ya nauli au ya chakula cha mchana, na wewe hutaishika hata senti moja.

Msidhani natania. Binti mmoja wa mtaani kwetu alipata barua kutoka kampuni moja (jina kapuni) yenye mstari huu: "Your training will be paid for." Akaelewa kwamba katika ile miezi miwili ya mafunzo atalipwa. Akakopa pesa ya nguo na viatu, akaanza kwenda. Mwisho wa mwezi akauliza mshahara. Mhasibu akamwonyesha mstari uleule: mafunzo yako yatalipiwa, yaani kampuni inamlipa mwalimu. Yeye hakuahidiwa kitu. Mwenye deni naye hakutaka kusikia habari za sarufi.

Cha kuchekesha ni kwamba yule binti alikuwa na ufunguo mdomoni mwake mwenyewe. Kiswahili hiyo tofauti tunayo, tena kwa ustadi kuliko Mzungu. Sisi tunaiweka ndani ya tumbo la kitenzi: lipwa, lipiwa. Hiyo "i" ya katikati ndiyo "for" yenyewe! Mzungu hana pa kuichomeka, kwa hiyo anaitundika nyuma kama mkia. Ndiyo maana utaona "The letter must be written", lazima barua iandikwe, halafu "The manager must be written to", lazima meneja aandikiwe. Ukikata mkia wa hiyo ya pili, umemfanya meneja ndiye barua.

Si kila mara "i" yetu inaingia, jamani, msije mkanishika uongo. "You may be sent" ni kwamba huenda ukatumwa. "You may be sent for" ni kwamba huenda ukaitwa. Hapo kitenzi chetu kinabadilika kizima. Ila kanuni ni ileile: ule mkia ni mali ya kitenzi. Weka must, weka may, weka will, mkia haubanduki.

Sasa tugeukie hao wa mbele. Wako tisa: can, could, may, might, must, shall, should, will na would. Hawa ni kama wakubwa wa ofisi, hawataki kitenzi kije na begi. Kije kitupu. Lakini sisi tumezoea kusema "naweza kusema", na ile "ku" yetu inatudanganya tuitafutie mwenzake, basi unasikia mtu anasema "I can to speak" au "You must to come". Kosa hili nalisikia hata kwa watu waliomaliza kidato cha sita. "Ought" peke yake ndiye anayekubali "to", na "have to" na "need to" hawamo kwenye ukoo huu, ingawa wanajipendekeza.

Kuna vijana wakishaambiwa hivyo wanaanza kufyeka kila "to" wanayoiona. Taratibu! Kwenye "I can to go to Kariakoo" ziko mbili. Ya kwanza ifukuzwe, imeingia bila kualikwa. Ya pili inakupeleka Kariakoo, iache.

Na wakubwa wawili hawakai kiti kimoja. Sisi tunasema "nitaweza" kwa raha zetu, ila "I will can" haipo. Sema "I will be able to". Kwa faida yenu tu: hiyo "will" hapo zamani ilikuwa na maana ya kutaka, na "ta" yetu ya "nitaweza" nayo imetokana na "taka". Watu wa bara mbalimbali, akili ileile.

Mkia nao una vituko vyake. Sisi tunajadili kuhusu mshahara, kwa hiyo kwenye usaili mtu anasema "We should discuss about salary". "Discuss" haina mkia, "about" itoe. Kinyume chake, tunasema "nisubiri" na "nisikilize" bila nyongeza, basi kijana anamwambia mwenzake "You must wait me". Hapa mkia ulihitajika: "wait for me", "listen to me". Na kazi huwa inaombwa kwa "apply for". Dawa yake ni kukariri kitenzi pamoja na mkia wake, kama unavyokariri namba ya simu. Hakuna njia ya mkato.

Ninayoiogopa zaidi ni "mpaka". Sisi hiyo moja inatutosha. Mzungu anayo "until" ya jambo linaloendelea, na "by" ya jambo linalotakiwa liwe limekwisha. Mwenye nyumba akikuandikia "You may stay until Friday", kula, lala, Ijumaa bado ni yako. Akiandika "You must leave by Friday", anza kufunga virago leo. Vivyo hivyo "You must be in the office by eight" ni uwe umefika kabla ya saa mbili. Iandike kwa "until", umejifunga kukaa humo ofisini mpaka saa mbili, na kama ni ya usiku, shauri yako.

Kwenye mikataba, neno la mbele ndilo linalosema kama una haki au unaombea tu. "The employer shall pay for transport" maana yake nauli yako ni wajibu wa mwajiri. "The employer may pay for transport" maana yake ni akijisikia. Mkia ni uleule, ila neno la mbele limebadilika na nauli imeyeyuka. Wengi wanaona "pay for transport" wanachekelea, wanasaini!

Hiyo "shall" hata wenyewe inawasumbua. Mwaka 2007 Wamarekani waliandika upya kanuni za kesi za madai za mahakama zao za shirikisho, wakaifagia nje. Kwenye kanuni ya 56 wakaweka "should" mahali pake. Mwaka 2010 wakairudisha palepale, maana "should" ilionekana kulegeza kauli. Wanasheria hao, tena Kiingereza wamenyonya nacho.

Kwetu, mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Safi sana. Ila makampuni mengi bado yanakupa mkataba kwa Kiingereza na kalamu mkononi, na katibu muhtasari anakutazama kama unamchelewesha. Omba uende nao nyumbani. Ukikataliwa, kaa hapohapo usome polepole, acha wanune.

Haya, jaribuni huu, ni wa kawaida kwenye maduka makubwa: "Any lost item shall be paid for by the employee on duty." "Shall", ni lazima, hakuna kubembelezana. "For", ile "i" yetu: kitalipiwa. "By" hapa si ya Ijumaa, inamtaja mtoaji pesa, ambaye ni mfanyakazi. Na "on duty", aliye zamu. Kwa hiyo kama mzigo umeibwa saa moja na wewe zamu yako inaanza saa mbili, weka kidole kwenye hiyo "on duty" na usikitoe mpaka mhasibu ameisoma kwa sauti.